Zawadi Ndogo za Mwalimu Ugenini: Maneno, Desturi na Uchaguzi

Miongoni mwa maswali ambayo walimu wasaidizi huuliza wanapojiandaa kwenda ng'ambo kufundisha Kiswahili, kuna moja lisilohusu sarufi wala mbinu za kufundishia. Nibebe nini? Mwenye kuuliza anaruhusiwa mzigo ambao mara nyingi hauzidi kilo 23 kwa sanduku, ana mshahara ambao sote tunaujua, na anakwenda kwa watu asiowajua. Hana hakika kama yampasa kuwapelekea wanafunzi wake chochote. Hana hakika pia ni kitu gani cha kuwapa wenzake wa idara kisichomtia yeye aibu wala kuwatia wao deni.

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kupitia kwanza maneno ambayo Kiswahili hutumia kwa jambo la kutoa, kisha desturi za nchi chache ambako lugha yetu hufundishwa, na hatimaye vitu vyenyewe. Huenda msomaji mwenye haraka akaona kwamba sehemu ya maneno imerefushwa bila sababu. Kwa mwalimu wa lugha, hata hivyo, kujua tofauti kati ya takrima na tunu ni sehemu ya kujua la kufanya. Isitoshe, kwa Mkongomani swali hili lina uzito wake wa pekee. Katika vyuo vyetu neno zawadi, likitamkwa kati ya mwalimu na mwanafunzi, huamsha shaka papo hapo. Mwanafunzi huuliza moyoni ni pointi ngapi zinauzwa, na mwalimu mwaminifu huogopa kupokea hata embe. Anayekulia katika hali hiyo huondoka nayo. Wengine hufika ugenini mikono mitupu kwa kuogopa kudhaniwa vibaya, ilhali wenyeji wao huona wamepungukiwa adabu. Wengine hugawa kila kitu kwa kila mtu, wakidhani kwamba huko nje hakuna anayehesabu. Pande zote mbili hukosea kwa sababu moja, nayo ni kutopambanua aina za kutoa.

Maneno

Neno zawadi lenyewe lina historia inayotufaa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya chakula na mahitaji ya safarini, yaani masurufu. Kwa hiyo hapo mwanzo lilihusu anayeondoka, kile anachofungasha. Katika Kiswahili limegeuka likawa kile anachokuja nacho msafiri, au kile anachopewa mtu kwa wema tu. Msafiri anayerudi Kalemie au Bukavu bado huulizwa na watoto: umetuletea zawadi gani? Uhusiano wa neno hili na safari haujakatika.

Karibu na zawadi pana hedaya, lenye heshima na dini ndani yake, na hiba, ambalo wanasheria hulitumia kwa mali anayoitoa mtu angali hai. Tunu ni neno la Kibantu. Si kitu chochote tu kitolewacho, bali kitu adimu, chenye thamani kwa sababu hakipatikani kila mahali. Sisi tungependa mwalimu alikumbuke neno hili anapofunga sanduku lake, kuliko alikumbuke neno zawadi. Katika miji yetu ya Kongo watu husema pia kado, kutoka Kifaransa, hasa kwa kitu kilichofungwa katika karatasi ya maua na kutolewa siku ya kuzaliwa au ya ndoa.

Kuna maneno mengine yaliyoanza vizuri yakaharibika njiani. Hongo lilikuwa ushuru ambao misafara ililipa kwa watemi ili ipite katika nchi zao, hasa Ugogo, ikielekea Tabora, Ujiji na huku kwetu Manyema. Njia iliyotuletea Kiswahili ndiyo iliyolisafirisha neno hilo. Leo hongo ni rushwa, basi. Takrima lilimaanisha heshima na ukarimu anaotendewa mgeni. Nchini Tanzania sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu wagombea kutoa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo, kwa kuwa mpaka kati ya ukarimu na kununua kura ulikuwa hauonekani. Neno lile halijapona tangu hapo. Huku Kongo tuna matabishi, ile nyongeza ya muuzaji wa unga au ndizi kwa mnunuzi wake wa kila siku, ambayo ofisini hugeuka kuwa malipo ya kuharakisha karatasi. Kilingala cha Kinshasa nacho kina maharagwe ya watoto, madesu ya bana, ambayo kila mtu anajua kwamba hayapikwi.

Neno linalotuhusu zaidi ni kilemba. Katika desturi ya pwani, mwanagenzi aliyemaliza kujifunza kazi humpa fundi wake kilemba, na mwanafunzi aliyehitimu humpa mwalimu wake. Huenda kikawa kitambaa chenyewe cha kichwani, huenda kikawa fedha. Tuangalie mambo mawili. Kwanza, zawadi hiyo inapanda, inatoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu. Pili, hutolewa kazi ikiisha, wakati mwalimu hana tena cha kumwongezea wala kumpunguzia mtoaji. Wahenga wa pwani waliujua ugonjwa wa pointi kabla vyuo vikuu havijazaliwa. Hata ubaya wa kilemba waliuona: kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa uongo ili umtumie.

Tukiyapanga maneno haya, tunaona kwamba Kiswahili hakipimi zawadi kwa ukubwa wake tu. Hupima inaelekea wapi, imetolewa lini, na kama mpokeaji anaweza kumlipa mtoaji kwa mali isiyokuwa yake. Alama za mtihani si mali ya mwalimu. Muhuri wa ofisi si mali ya karani.

Sarufi nayo inasema kitu. Kitenzi -pa hakikubali kusimama bila mpokeaji: nimempa, amenipa, tumewapa. Kitenzi -toa kinaweza kuachwa peke yake, kwa hiyo mtu husifiwa kwamba ni mtoaji bila ya kujulikana aliyepokea. Wasemaji wa Lubumbashi mara nyingi hutumia -patia mahali pa -pa, na hapo pia mpokeaji lazima atajwe. Hakuna kupa hewani. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili hulishika jambo hili upesi zaidi akiwa na kitu mkononi, na hii ni hoja ya kwanza ya kubeba vitu vidogo vya kugawa siku ya somo la -pa.

Japani

Tumechagua kukaa zaidi katika nchi hii kwa sababu mbili. Kiswahili hufundishwa huko kwa bidii: katika mji wa Osaka kilikuwa mojawapo ya lugha za Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni, ambacho mwezi wa Oktoba 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka, na hadi leo wapo wanafunzi wanaokichukua kama somo lao kuu. Watafiti wa Kyoto nao wanaijua Kongo kwa miaka mingi; utafiti wao juu ya bonobo huko Wamba ulianza mwaka 1973. Sababu ya pili ni kwamba hatujui jamii nyingine iliyoipa zawadi ndogo kanuni nyingi kiasi hicho.

Neno la kwanza la kujifunza ni omiyage. Huandikwa kwa alama mbili za Kichina, moja ya udongo na nyingine ya mazao, kana kwamba mtu amesema mazao ya nchi. Mtu aliyesafiri, hata kwa siku mbili, huwarudishia wenzake wa kazini kitu cha kule alikokwenda. Mara nyingi ni kitu cha kutafuna: biskuti au peremende zilizowekwa katika boksi moja, kila kipande katika karatasi yake, ili boksi liachwe juu ya meza na kila mmoja achukue chake. Omiyage haiulizi nani rafiki yako. Ni ya ofisi nzima, pamoja na karani na mtunza vitabu. Mwalimu mgeni anayeingia idarani kwa mara ya kwanza akiwa na boksi la namna hiyo amekwisha kujitambulisha kabla hajafungua kinywa. Hapa Mkongomani hana la kushangaa, kwani naye amezoea kuulizwa ameleta nini. Tofauti ni kwamba kwetu kila jamaa hutarajia fungu lake kwa jina lake, na kule boksi huwa moja.

Zawadi ya pili ni ile anayopewa mtu mmoja: mkuu wa idara, profesa aliyemwalika mgeni, mama mwenye nyumba. Hii hufungwa vizuri, na kufungwa kwenyewe ni nusu ya zawadi. Hutolewa kwa mikono miwili na hupokewa kwa mikono miwili. Sisi pia tunajua kwamba mkono mmoja, tena wa kushoto, ni dharau. Mtoaji husema maneno ya kujishusha, kwamba kitu chenyewe si kitu. Kiswahili kina adabu hiyo hiyo katika pokea hiki kidogo, hata kama kilichomo ni mbuzi mzima. Mpokeaji kwa kawaida haifungui mbele ya mtoaji. Mwalimu wetu asihuzunike akiona kifurushi chake kimewekwa kando. Kule kukichana upesi kungekuwa tamaa.

Yapo ya kuepukwa. Vitu vinne havitolewi pamoja, maana nne hutamkwa shi sawasawa na neno la kifo. Tisa, ku, hulingana na neno la mateso. Ndiyo maana vikombe vya chai huuzwa vitano vitano. Kisu na mkasi huweza kueleweka kama kukata udugu. Mgonjwa hapelekewi ua lililopandwa katika chungu, kwa kuwa mizizi yake humtakia akae sana kitandani.

Jambo zito kuliko hayo ni okaeshi, yaani zawadi ya kurudisha. Katika ndoa, misiba na shughuli nyingine rasmi, anayepokea hurudisha kitu ambacho thamani yake mara nyingi hukadiriwa kuwa nusu ya alichopewa. Fikra hiyo haifi hata pale ambapo shughuli si rasmi. Basi mgeni anayetaka kumfurahisha mwenyeji wake kwa sanamu kubwa ya mti amemtwika mzigo wa kutafuta cha kumrudishia. Tunafahamu kwamba hapa moyo wa Kikongo unauma. Kwetu mgeni mheshimiwa hupewa kuku aliye hai, na angepewa beberu kama angekuwapo. Kutoa kidogo ni kujitangaza kuwa fukara. Kule kutoa kingi ni kumnyima mwenzako nafasi ya kuwa sawa nawe. Udogo wa zawadi ni sehemu ya wema wake, na mwalimu mwenye mshahara mdogo anaweza kulipokea jambo hili kwa faraja.

Na wanafunzi? Hapo tena lugha inasaidia. Kijapani kina kitenzi ageru kwa kumpa mtu mwingine, kureru kwa kupewa kitu mimi au watu wangu, na morau kwa kupokea. Kila kimoja kina umbo la heshima, na kipo yaru kwa kutoa kuelekea chini, kama kumpa mbwa chakula au ua maji. Mwanafunzi wa Osaka hukuta kwamba nimekupa na umenipa ni kitenzi kimoja, kwamba rais na mtoto wote hupewa kwa -pa, na kwamba kazi ya kuonyesha nani ni nani hufanywa na viambishi. Somo hilo lifundishwe kwa vitu: kokwa, ushanga, noti ya zamani, vipitishwe mkono kwa mkono huku kila mtu akitamka nimempa, amenipa, nimepewa. Mwisho wa saa kila mmoja abaki na kile kilichomfikia. Hakuna aliyependelewa, hakuna aliyeaibika, na zawadi imefanya kazi yake kabla haijawa zawadi.

Marekani na Ulaya

Huko Marekani mwalimu wa Kiswahili hukuta jambo ambalo wengi wetu hatukulitarajia: neno zawadi limemtangulia. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, inayosherehekewa na Wamarekani weusi kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari. Kanuni zake saba zina majina ya Kiswahili, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani, na vifaa vyake pia: mazao, mkeka, kinara, muhindi, mishumaa saba, kikombe cha umoja na zawadi. Zawadi hizo hupewa watoto zaidi, na mafundisho ya sikukuu yenyewe yanataka ziwe pamoja na kitabu na kitu cha kukumbusha urithi.

Mwalimu anayetoka Kongo asidharau jambo hili kwa sababu halikuanzia Afrika. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kuna kinara huenda ndiye aliyekuja darasani kwa sababu ya maneno hayo kumi na manne. Kitu kidogo kutoka nchi ambamo mama huita binti yake Zawadi au Tunu bila kufikiri kina maana kwake kuliko kwa mwingine yeyote. Tahadhari ni ile ile: kisiwe chake peke yake.

Katika Ulaya tutapita upesi. Wenzetu wa Leiden, Gent, Paris, Napoli, Hamburg au Leipzig hawana desturi ya boksi la pamoja kama ile ya Japani, ingawa keki ya mtu anayesherehekea siku yake ya kuzaliwa hufanya kazi hiyo hiyo. Zawadi hufunguliwa papo hapo na kusifiwa. Asiyeifungua ndiye anayeonekana amekosa furaha. Pia ukali wa sheria kwa watumishi wa umma ni jambo la kweli. Mjini Berlin mwalimu mmoja wa shule alipokea kutoka kwa darasa lake lililomaliza sanamu yenye thamani ya karibu Euro 200, wakati kanuni za huko ziliruhusu takriban Euro 10. Mzazi mmoja akashtaki, na habari ilipotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2015, ilijulikana kwamba mwalimu huyo amelipa Euro 4,000 ili kesi ifungwe. Msomaji atakumbuka kilemba: zawadi ilitoka chini kwenda juu, ilitolewa mwishoni, tena na darasa zima. Desturi ya pwani ingeibariki. Sheria ya Berlin haikuibariki. Kwa hiyo mwalimu mgeni aulize ofisini kwake, siku za mwanzo, kuna kiwango gani, kwa anachotoa na kwa anachopokea. Swali hilo halimwondolei mtu heshima.

Sandukuni

Tuje kwenye vitu. Mtu wa Katanga hufikiria kwanza malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo mafundi wetu huligeuza kuwa mayai, visahani, tembo na mikufu. Ni tunu ya kweli, kwa kuwa ni wachache duniani walio nayo. Ila ni zito, karibu mara nne ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Masanduku mengi ya walimu wetu yamejaa kilo kabla hayajajaa nafasi. Tena ni laini, hukwaruzwa na kisu, na kwa kuwa ni chumvi ya shaba, limau na siki hulila. Kisahani cha malakiti kisiwekwe achari wala matunda, na mwenye kupewa aambiwe hivyo. Vidonge vya ushanga vyafaa kuliko mayai. Picha za shaba zilizofuliwa kwa nyundo ni nyepesi kidogo, na ndogo zake, za ukubwa wa kiganja, zinamfaa mkuu wa idara. Kuhusu ile misalaba ya shaba ya kale iliyokuwa fedha ya Katanga, yenyewe ni mali ya makumbusho. Anayetaka kuwa nayo anunue mfano uliofuliwa leo, na amwambie mpokeaji kwamba ni mfano.

Kitambaa ni chepesi, hakivunjiki, hukatwa. Lakini kitenge si lazima kiwe cha kwetu. Kile kinachoitwa Kiholanzi kimetengenezwa kweli Uholanzi, katika mji wa Helmond, na kampuni ya Vlisco ambayo ilianzishwa mwaka 1846. Kumpelekea kitambaa hicho mwenzako wa Leiden ni kukirudisha kwao, na ni vema kujua hivyo kabla yeye hajakueleza. Kitambaa cha rafia cha Wakuba wa Kasai kinatoka hapa bila shaka yoyote, na kipande kidogo chake hakimshindi mtu bei.

Kwa darasa la Kiswahili hakuna kitambaa kinachoishinda kanga, ingawa sisi tunaipata kupitia Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa upande wa chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kwa hiyo doti moja huwatosha watu wawili. Ugumu uko katika jina. Maneno ya kanga si mapambo. Ni ujumbe kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, na mengi yake ni mafumbo ya majirani waliokosana na wake wenza. Profesa aliyepewa kanga isemayo Mdhaniaye ndiye kumbe siye atauliza maana yake, na mwalimu atakuwa na kazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, au Wema hauozi, haina hatari. Anayenunua kwa ajili ya mwingine asome kwanza, asidanganywe na rangi.

Chakula hutegemea forodha. Nyama, hata iliyokaushwa, haingii Japani bila cheti, wala haiingii Ulaya mikononi mwa msafiri, pamoja na vitu vya maziwa. Mimea na matunda mabichi nayo yamefungiwa. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya huyataka matunda yote yawe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu, miongoni mwake nanasi, ndizi, nazi na tende. Kahawa iliyokwisha kukaangwa haina taabu kubwa, na arabika ya Kivu, ile ya kandokando ya ziwa na ya kisiwa cha Idjwi, ndiyo omiyage yetu bora kwa meza ya idara: hunywewa na wote, huisha, haimdai mtu. Karanga tungeziacha nyumbani. Wapo watu, hasa Marekani na Ulaya, ambao kokwa moja yaweza kuwaua, na mwalimu hawajui.

Hakuna haja ya kusema mengi juu ya pembe za ndovu. Biashara yake ya kimataifa ilikatazwa kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Kongo imo katika mkataba huo tangu 1976. Wengi hawajui kwamba kasuku wa kijivu, ambaye manyoya yake mekundu ya mkia huuzwa kama pambo, naye yumo katika orodha ya juu kabisa tangu mwanzo wa mwaka 2017. Unyoya mmoja uliowekwa ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa unaweza kumchelewesha mtu uwanja wa ndege kwa muda mrefu.

Kwa wanafunzi, sisi tungeanza na vitu ambavyo huku kwetu havina bei. Noti za zamani za zaire bado zimo katika masanduku ya wazazi wetu. Ziliondolewa na kurudi kwa faranga ya Kongo mwaka 1998, na hazinunui hata kiberiti. Noti ya zaire milioni tano inaeleza mfumuko wa bei wa miaka ile kuliko ukurasa wa kitabu: mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwanafunzi akiishika, atataka kujua namna ya kuisoma, na hapo amejifunza milioni, elfu na laki bila kulazimishwa. Mwalimu anayepata noti ishirini za aina moja ana zawadi ya darasa zima ndani ya bahasha isiyofika gramu mia moja.

Inabaki barua. Tunamaanisha karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili chepesi, kwa kila mwanafunzi, yenye jina lake na jambo moja ambalo mwalimu aliliona kwake katika muhula: namna alivyoacha kuogopa ngeli ya ki-vi, au swali aliloliuliza ambalo halikupata jibu. Hii itolewe baada ya alama kutangazwa. Kabla ya hapo itasomwa kama dokezo la mtihani, na mwanafunzi atatafuta ndani yake kilichofichwa. Ikitolewa baadaye, husomwa kama ilivyo. Kwa darasa la watu kumi na watano ni kazi ya jioni mbili. Wenye madarasa makubwa waandike barua moja ya wote, waisome kwa sauti, kisha waigawe.

Tarehe nazo zipangwe mapema. Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili na madarasa humalizika karibu na Februari. Wa Marekani huanza Agosti au Septemba. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huangukia likizo katika vyuo vingi vya Marekani, lakini Japani wanafunzi huwa bado darasani. Anayetaka kuitumia siku hiyo kwa kugawa chochote ahesabu hilo kabla ya kununua doti za kanga.

Na mwanafunzi akimletea mwalimu kitu katikati ya muhula, kama ni cha kuliwa kifunguliwe pale pale na kiliwe na wote waliomo chumbani. Kama si cha kuliwa, kiwekwe katika rafu ya idara, mahali ambapo kila anayeingia atakiona, na mwanafunzi aambiwe kwa upole kwamba kimepokewa na idara.